Kengele ya Mkonge na Kompyuta Iliyonyamaza Saa Nane

Mwaka ule baba alipohamia kwangu Handeni, jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki kama mlango ulioegeshwa: aliona kilichokuwa mbele yake, pembeni kote giza. Daktari wa macho kule Korogwe, mama mmoja mpole asiyependa kurudia neno, alimweleza mbele yangu kwamba presha ya jicho ndiyo iliyokula la kwanza, na italila la pili tusipoweka dawa kwa saa.

"Kilichopotea hakirudi, mzee," alisema. "Kilichobaki ndicho tunachokilinda. Tone moja, mara tatu kwa siku. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Ukizoea kuruka, jicho litakwenda."

"Nimeelewa, daktari," baba alijibu. "Nimefanya kazi kwa saa maisha yangu yote."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonidanganya.

Dawa ya asubuhi na ya usiku nilimwekea mwenyewe. Ya mchana ndiyo ilikuwa na shida. Mimi natengeneza kompyuta na mashine za kuchapisha katika ofisi za mjini, siku nyingine nafika hadi Kabuku. Mke wangu ni mwalimu, hurudi saa tisa na nusu. Kuidondosha dawa baba aliweza. Alivuta kope ya chini kwa kidole cha shahada, akainamisha kichwa nyuma, na tone halikukosea. Alichokosa ni kujua kwamba saa imefika. Saa ya ukutani ilikuwa pembeni, kwenye giza lake, na hakukumbuka kuigeukia. Adhana ya adhuhuri ilimfikia mapema mno, na ya alasiri ilimkuta amekwisha kuchelewa.

Simu haikusaidia. Baba alifanya kazi zaidi ya miaka thelathini katika kiwanda cha kukamua mkonge pale Ngombezi, tulichokiita korona miaka mingi kabla neno hilo halijawa la ugonjwa. Ile mashine ilimchukulia sauti zote nyembamba. Lori alilisikia, radi aliisikia, mtu akiongea karibu kwa sauti nzito alimsikia. Ndege hakuwasikia kabisa. Nilimwekea simu mfukoni mwa shati, ikalia mbele yangu kwa dakika nzima, naye akaendelea kuchambua maharage.

Jioni nilimuuliza, "Baba, ya mchana umeweka?"

"Nimeweka."

Niliiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Dawa iliyobaki ilikuwa nyingi kuliko ilivyopaswa kuwa. Niliirudisha mezani. Mtu ambaye hakuwahi kuchelewa kuitwa majina kazini alfajiri hata siku moja, angewezaje kumwambia mwanawe kwamba sasa hajui saa nane ni lini?

Nyumbani nilikuwa na kompyuta ya zamani, moja kati ya zile ambazo ofisi huamua kuzitupa na fundi akaomba asimamie utupaji. Niliiwekea mfumo wa Linux kwa sababu mbili. Ilikuwa nyepesi, na vitabu vyake vya maelezo vilikuja ndani yake. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Kiingereza changu cha baadaye na ujuzi wangu wa mashine nimevipata katika kurasa hizohizo, ukurasa mmoja ukisomwa mara tatu. Niliunganisha sabufa ambayo mke wangu alikuwa ameichoka kwa jinsi ilivyotikisa vikombe kabatini. Sauti nzito ilikuwa ndiyo niliyoihitaji.

Jaribio la kwanza lilikuwa sauti yangu mwenyewe. Nilirekodi maneno mawili, "Baba, dawa," nikaenda chumba cha pili na kuyachezesha. Baba aliitika, akainuka, akapapasa hadi mlangoni, kisha uani, kisha akarudi amesimama katikati ya sebule.

"Mtu akiniita naitika," aliniambia nilipotokea. "Nikiitika halafu hakuna mtu, hilo si jambo la kuliingiza ndani ya nyumba. Lifute."

Nililifuta. Ndipo nilipoikumbuka kengele.

Kengele yetu ya Ngombezi haikuwa kengele. Ilikuwa kipande cha reli, kutoka katika ile njia nyembamba iliyokuwa ikibeba mkonge kwenda kiwandani, kimening'inizwa kwa mnyororo na kupigwa kwa chuma kingine. Kambini hakuna aliyekuwa na haja ya saa. Nilizaliwa kwenye nyumba za mstari, chumba na kibaraza, ukuta mmoja kwa familia mbili, na kila asubuhi ya utoto wangu ilianza kwa mlio ule kupita juu ya mabati. Mama alikuwa Mzigua wa huku Handeni. Alisema mwaka wake wa kwanza kambini aliuchukia mlio ule, na wa pili alishindwa kulala alipokuja kusalimia kwao kwa sababu haukuwepo. Baba, ambaye babu yake mzaa baba aliletwa kutoka mbali kukata mkonge, hakuwahi kuufikiria kwa upendo wala kwa chuki. Ulipolia, miguu yake ilishuka kitandani.

Jumamosi nilipanda basi hadi Korogwe, nikachukua bodaboda hadi Ngombezi. Sikuwa nimefika huko tangu tumhamishe baba. Nyumba za mstari zilikuwepo, baadhi zimeezuliwa mabati, nyingine zina madishi ya televisheni. Mbele ya mlango wetu wa zamani mtu alikuwa amepanda mchicha. Nilisimama nikahesabu milango kutoka mwisho wa mstari ili niwe na hakika, kwa sababu mlango wenyewe ulionekana mdogo sana. Harufu ya maji ya mkonge ilikuwa ileile, chachu kidogo, na nilishangaa kugundua kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeisahau bila kujua nimeisahau.

Kile kipande cha reli kilikuwa kimehamia nyuma ya kanisa dogo la wafanyakazi. Mama aliyekitunza alikuwa akifagia. Nilimwamkia, nikajieleza mimi ni mtoto wa nani, nikamwomba akipige nirekodi kwa simu.

Aliegemea ufagio. "Wenzako wakija hapa wanachota udongo wa makaburi ya wazee wao. Wewe umefuata kelele?"

"Ni kwa ajili ya mzee, mama. Hasikii kitu kingine."

"Mzee wako namkumbuka. Alikuwa haongei." Akachukua chuma. "Haya, nikupigie ipi? Maana zipo nyingi."

"Ile ya alfajiri. Ya kuitwa majina."

"Ah, hiyo kila mtoto wa kambi anaijua." Akanipigia: tatu za harakaharaka, kimya, tatu tena, kimya, tatu tena. Kuku walikimbia. Mimi nilisimama na simu mkononi, nikiwa na miaka hamsini kasoro, kama mtoto ambaye hajamaliza hesabu za mwalimu.

Nilimchezeshea baba jioni ileile, kwenye sabufa. Aliinua uso. Alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

"Nani alipiga?"

"Mama mmoja wa kanisani."

"Mkono wake mzuri. Mzito kidogo." Akasogea karibu na sabufa. "Irudie."

Niliirudia mara nne.

Jumapili usiku niliandika amri fupi, mistari sita, inayochezesha ile rekodi, nikampa cron aiendeshe kila siku saa nane mchana. Cron ni programu inayokaa nyuma ya pazia ikiangalia saa na kuamsha kazi zilizopangwa. Niliijaribu amri kwa mkono, ikalia vizuri. Jumatatu nikaenda kazini nikiwa na amani.

Nilirudi saa kumi. "Baba, umesikia kengele?"

"Kengele gani?"

Nina desturi ya kuweka daftari la matatizo. Naandika nilichotarajia, kilichotokea na nilichobadilisha, na sibadilishi vitu viwili kwa mara moja hata nikiwa na haraka. Safari hii haraka ilikuwepo. Kila siku ya kimya ilikuwa tone moja lililokosekana, isipokuwa siku nilizoweza kutoroka kazini kwa bodaboda.

Swali la kwanza lilikuwa kama amri iliendeshwa kabisa. Niliiongezea mstari wa kuandika saa katika faili kila inapoamka. Kesho yake faili lilisema saa nane kamili na sekunde moja. Kwa hiyo iliamka, ikafanya kazi yake, na hakuna aliyeisikia. Swali la pili: ililalamika? Cron haina kioo cha kuandikia malalamiko, hivyo niliyaelekeza nayo kwenye faili. Siku iliyofuata nikayakuta: imeshindwa kuunganishwa na huduma ya sauti.

Nilikaa na sentensi hiyo usiku mbili. Hatimaye nilichokielewa ni hiki. Ninapofungua kompyuta na kuingia kwa jina langu, mfumo hunikabidhi taarifa nyingi bila mimi kuona, na mojawapo ni mahali ilipo folda ndogo ya muda ambamo huduma ya sauti hupokea wageni wake. Amri ninayoiendesha kwa mkono hurithi taarifa hizo. Amri inayoamshwa na cron haipewi. Ni kama mkataji mgeni aliyekabidhiwa panga asubuhi bila kuonyeshwa mstari wake: ana nguvu na ana chombo, lakini hajui aanzie wapi. Niliongeza mstari mmoja mwanzoni mwa amri, unaotaja mahali pa folda ile.

Nilipanga jaribio saa kumi na mbili na dakika tano jioni, nikakaa mbali na kibodi. Ikalia. Baba alikuwa kwa jirani. Mke wangu ndiye aliyeruka.

"Sasa imepona?"

"Imepona."

Kesho yake saa nane, kimya.

Jioni nikapanga tena, baba akiwa kwa jirani, ikalia. Mchana uliofuata, kimya. Mke wangu alisema huenda kompyuta nayo ni mwajiriwa wa serikali, mchana iko kwenye chai. Nilicheka, lakini jioni ile niliinua chupa ya baba kwenye mwanga, na kicheko kikaisha.

Nilifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya mwanzo. Niliiambia amri iandike kila kitu inachokijua na kila inachokiona, nikapata orodha ya mchana na orodha ya jioni, nikaziweka sambamba na kushuka nazo mstari kwa mstari kwa rula, kama makarani wanavyokagua hati ofisini kabla ya kuzichapisha. Tofauti ilikuwa moja. Jioni ile folda ya sauti ilikuwepo. Mchana haikuwepo kabisa.

Nani aliyeiondoa? Mimi. Mafundi waliotangulia ofisini walinifundisha kwamba mtu akiondoka kwenye kompyuta hufunga jina lake, yaani hutoka kwenye akaunti yake, hata kama anakwenda kunawa mikono. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nililifunga. Na kwenye Linux sauti ni mali ya mtu aliyeingia. Mtu wa jina lile akitoka, mfumo hufagia folda yake na kuipumzisha huduma ya sauti. Saa nane cron ilikuwa ikigonga mlango wa chumba nilichokibomoa mwenyewe saa moja asubuhi. Jioni nilikuwa nimekaa pale nikisubiri, kwa hiyo chumba kilikuwepo. Uwepo wangu ndio uliokuwa ukiiponya.

Dawa yake ni mpangilio mmoja unaouambia mfumo uziache huduma za jina fulani ziendelee hata mwenyewe akiwa ametoka. Niliuweka. Ilibidi pia kuliingiza jina langu katika kundi lenye ruhusa ya kutumia kifaa cha sauti wakati wote, kwa kuwa ruhusa ya kawaida nayo huondoka na mtu. Niliyaandika yote mawili, kila moja kwa siku yake. Nikafunga jina langu, nikaizima kompyuta na kuiwasha tena bila kuingia.

Sikwenda kazini siku hiyo. Baba hakujua. Nilimuaga kama kawaida, nikazunguka, nikakaa kwenye kibaraza cha jirani ng'ambo ya ua wa michongoma, kwa sababu nilitaka kuona mambo yanavyokwenda nikiwa sipo. Jua lilikuwa kali, lile la Handeni linalofanya hata mbuzi wakae kimya. Saa nane ilipofika niliisikia kupitia dirishani: tatu za harakaharaka, kimya, tatu, kimya, tatu.

Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mlango wa nyumba yangu ulikuwa wazi na baba alikuwa uani, amevaa viatu, na ndoo ya maji mkononi.

Hakwenda kwenye dawa. Alisimama katikati ya ua, akageuza kichwa huku na huku, pua juu, akinusa. Maji yalikuwa yakimwagikia kwenye viatu. Alipiga hatua mbili kuelekea barabarani, akajikwaa kwenye jiwe la kufulia, akajishika.

Niliruka ua. "Baba. Baba, ni mimi."

"Wapi?" aliniuliza. "Moto uko upande gani?"

"Hakuna moto, baba. Ni kompyuta. Ni kengele yako ya dawa."

Alibaki na ndoo kwa muda. Nilijaribu kuipokea, hakuiachia.

"Tatu-tatu saa nane mchana ni moto," alisema. "Singa za mkonge, zile nyuzi zilizoanikwa, zimeshika moto. Kila mtu anatoka na maji. Wewe hukulijua hilo?"

"Nilijua ni ya kuitwa majina."

"Alfajiri ni ya majina. Mchana ni moto. Mlio ni uleule, lakini saa siyo ileile. Ulikuwa mtoto, mchana ulikuwa shuleni."

"Mbona siku ile nilikuchezeshea, hukusema?"

"Siku ile ulinisikilizisha. Leo imeniita."

Akaiweka ndoo chini, taratibu. Nilikuwa nimetumia wiki mbili kuifundisha mashine kuongea, na mzee wangu nilikuwa karibu nimpeleke barabarani kwenye bodaboda na malori, na jicho moja lisiloona pembeni. Nilimwomba radhi.

"Si kosa lako. Umekwenda mpaka Ngombezi." Akakaa kwenye kizingiti, nami nikakaa chini yake. Baada ya kupumzika akasema, "Ungeniuliza. Ya saa nane ipo."

"Ipi?"

"Ya kufungua kazi. Wakataji walianza saa kumi na mbili, wakafunguliwa saa nane. Mbona unaijua, ndiyo mama yako alikuwa akiitumia kuinjika ugali."

Kwa kweli sikuikumbuka. Nilimwomba anieleze, akanieleza kwa kugonga kizingiti kwa kifundo cha kidole. Ni pigo moja. Kisha unasubiri. Kisha jingine. Matano yote.

"Unasubiri kiasi gani, baba? Sekunde ngapi?"

"Sekunde za nini? Unasubiri mpaka chuma kinyamaze chenyewe. Mpigaji akiwa na haraka, watu wanamcheka. Kazi imekwisha, haraka ya nini?"

Jioni tuliketi pamoja mbele ya kompyuta, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Nilikata pigo moja kutoka kwenye rekodi ya yule mama, pamoja na mvumo wake hadi ulipozama, nikalirudia mara tano. Baba alisikiliza, akasema nafasi ya tatu ni fupi. Nilipima, na kweli nilikuwa nimekata mvumo mapema. Tukairekebisha. Alinisimulia, bila kuulizwa, jinsi wakataji walivyokuwa wakisimama pigo la kwanza likilia, hata panga likiwa hewani, na jinsi mnyapara mmoja alivyojaribu kuwazuia wamalize mzigo wa mwisho, wakamwachia mzigo kichwani mwake na kuondoka. Alicheka peke yake kwa muda mrefu. Mke wangu alichungulia kutoka jikoni kuona kuna nini.

Kesho yake nilikaa tena kwenye kibaraza cha jirani. Saa nane mapigo yalianza. Kupitia dirishani nilimwona baba amekaa kwenye kiti chake, hakushtuka. Aliyaacha yote matano yaishe. Kisha akanyoosha mkono kwenye meza, akapapasa chupa, akavuta kope, akainamisha kichwa nyuma.

Tuliishi hivyo. Umeme ulipokatika mchana, baba aliniambia mwenyewe jioni, "Leo haikulia," bila aibu, kwa sababu sasa kosa lilikuwa la shirika la watu wengine. Chupa zilianza kuisha siku zake. Sasa baba hayupo, lakini nikifikiri juu ya mwaka ule sikumbuki sana wasiwasi wangu. Nakumbuka jioni ile ya kupima mvumo, mabega yetu yakigusana.

Baada ya miezi mitatu ya kengele hiyo tulirudi Korogwe kwa daktari. Alimpima presha ya jicho mara mbili, akaandika, akalinganisha na karatasi ya zamani. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akainua mkono.

"Vidole vingapi, mzee?"

"Vitatu."

"Na sasa?"

"Kimoja. Na una pete."

Daktari aliutazama mkono wake kama mtu aliyesahau kwamba ameivaa. "Nguvu ya kuona haijashuka," aliniambia. "Iko palepale tulipoiacha. Endeleeni hivyohivyo."

Baba alishukuru, akachukua kofia yake. Mlango wa chumba kile una ngazi moja ambayo mara ya kwanza nilimshika mkono kuivuka. Safari hii alisimama kidogo, akaitazama kwa kuinamisha uso mzima, akaivuka mwenyewe, na mimi nikamfuata nyuma nikiwa nimebeba karatasi.